Maswali ya Malek

"Toka nje!"

Mwalimu Atiir alinyoosha chaki kuelekea mlangoni. Malek, mwanamume mwenye mvi, alikuwa bado ameinua mkono.

"Nimeuliza tu, Mwalimu. Hii amri ya kurudia, kompyuta itajuaje mahali pa kusimama?"

"Niliieleza jana. Niliieleza juzi. Kichwani mna nini, mchanga wa Kakuma?"

Wanaume wakaangua kicheko.

"Mzee, nenda uchunge mbuzi!" Bichiok akadakia kutoka benchi la mbele.

"Mbuzi nao walinikataa, ndugu yangu," Malek akajibu.

Benchi la nyuma, walikoketi wasichana wasiothubutu kuinua mkono, halikucheka.

Atiir naye hakuona la kuchekesha. Alipoletwa kutoka Lodwar mwezi wa tano, wafadhili walimwambia waziwazi: wanafunzi wasiopungua kumi wasipofaulu mtihani wa kuandika programu, darasa linafungwa na mashine zinaondoka. Kompyuta zilikuwa sita, umeme wa jua saa mbili kwa siku, na Malek alizimaliza saa hizo kwa maswali ya mtoto wa chekechea. Akishajibiwa, haandiki hata neno.

"Usirudi tena hapa."

Malek akasimama taratibu. "Na swali je, Mwalimu?"

"Nenda nalo."

Wiki hiyohiyo aliondoka kambini kwa lori la Lokichoggio, akavuka mpaka kurudi kwao Bor.

Darasa likatulia. Atiir alifundisha bila kukatizwa. Akiuliza, "Mmeelewa?" wote waliitika, "Ndiyo, Mwalimu!" Hakuna mkono uliopanda. Alimaliza kitabu majuma mawili kabla ya mtihani, akajipongeza kwa kumng'oa Malek, kile kisiki.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka huo wa 2013, matokeo yakabandikwa ukutani. Waliofaulu walikuwa wanne, wote wanaume. Siku ya pili lori la wafadhili likaja, vijana wakaanza kubeba kompyuta.

Atiir akawageukia wasichana waliosimama kivulini.

"Miezi yote hiyo mnaniitikia ndiyo, ndiyo, kama kasuku! Mlishindwa kuuliza hata siku moja?"

Wakatazamana. Nyanut, aliyekuwa mkubwa wao, ndiye aliyejibu, macho yake yakiwa chini.

"Tulikuwa tunauliza, Mwalimu. Malek alifaulu mtihani huu mwaka jana, akawa wa kwanza. Alikuwa anakuja kutuulizia sisi."