Ndoto za Sajini Ndimbo

Bunge lilipopitisha azimio la kumuenzi Sajini mstaafu Ndimbo, kila mbunge aliyeitikia "Ndiyo" alikabidhiwa ndoto moja ya vita ya mzee huyo, awe anaiota yeye badala yake, maana ndivyo sheria inavyotaka siku hizi. Mzee akaanza kulala fofofo. Otilia, mkewe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilala jikoni kwa kuogopa mateke ya usingizini, akarudisha mto wake kitandani.

Asubuhi moja, wakinywa chai, simu ya Otilia ikaita. Alikuwa mbunge wao, mwanamke wa makamo, sauti imemkauka kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama. Samahani, yule askari anayeomba maji ndotoni anaitwa nani? Kila usiku nampa, hanywi. Ananitazama tu, kama anangoja nimwite."

Otilia akamgeukia mumewe. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuthubutu kumuuliza habari hizo. Ndimbo akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono apewe simu.

"Anaitwa Hyera," alisema. "Siku ile maji yalikuwa yametuishia. Akishakunywa, mheshimiwa, mwambie Ndimbo anamsalimu."