Chokaa ya Miforosadi

Asubuhi ile Gulrukh alikuwa anakoroga chokaa kwenye ndoo, anatia chumvi ili ishike vizuri, simu yake ikalia kwenye koti. Hakwenda kuitazama. Koti lilikuwa limetundikwa uani, na mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka viwikoni.

"Ongeza chumvi, mwanangu!" Shangazi Savri alimpigia kelele. "Unampikia mgonjwa?"

Gulrukh akacheka chini kwa chini, akaongeza.

Ilikuwa siku ya hashar, kila nyumba imetoa mtu wa kusaidia. Miforosadi thelathini na mmoja ilisimama kando ya mfereji waliouchimba babu zao kwa majembe, na wakataji walikuwa wanakuja leo. Afisa Komron wa wilaya aliwaambia wiki iliyopita: mti uliotelekezwa utakatwa, unaotunzwa utabaki. Tena akawaomba, wakataji wakifika, mtu yeyote asigombane nao.

Gulrukh ndiye aliyemwandikia barua ya kuiombea miti, maana kusema mbele za watu hawezi. Aliweka na namba yake ya simu.

Babu yake, Nazrullo, mgawa maji wa mfereji, alikuwa anapaka huku amepiga magoti.

"Babu, pumzika kidogo."

"Nipumzike? Kivuli kikiondoka, maji yatakaukia njiani. Mimi nitagawa nini, vumbi?"

Kila shina walilipaka kuanzia chini hadi kiunoni, kama wanavyofanya kila mwaka kabla ya sikukuu ya Nauruzi. Ila mwaka huu hakuna aliyeimba. Walipofika darajani, kwenye mforosadi mkavu, walikuta mtu ameshaupaka duara moja jembamba.

"Nani mvivu huyu?" Shangazi akauliza. "Kaufunga mti mshipi, kaenda zake kunywa chai!"

"Atakuwa mumeo," akajibu jirani.

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Shangazi akaujaza mti ule chokaa mpaka kwenye mizizi.

Adhuhuri miti yote ilikuwa inang'aa. Lori likasimama ng'ambo, wakashuka wanaume sita wasiojulikana, wameshika misumeno. Babu akawavulia kofia kwa heshima.

"Twendeni tukale," akawaambia watu wake. "Wana macho. Wataona wenyewe kama miti hii ina wenyewe."

Uani pilau lilikuwa tayari, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walikuwa wanasikiliza. Gulrukh akanawa, akavaa koti, akatoa simu. Ujumbe ulikuwa wa Afisa Komron, wa tangu asubuhi.

"Binti, mwambie babu alale usingizi. Nimepigana mpaka wamekubali, unakatwa mmoja tu, ule mkavu wa darajani. Jana nimeuwekea alama mwenyewe. Wakataji ni wageni, hawajui miti, nimewapa neno moja tu: penye chokaa, kata."

Msumeno ukanguruma. Wa pili ukafuata, halafu wa tatu.

Gulrukh alishatoka mbio bila viatu, anaandika huku anakimbia: "Wasimamishe. Yote ina chokaa."

Tiki moja. Akatazama tena. Tiki moja.