Shahidi wa Suketsuna

"Usilale, mzee. Tukifika ndipo ulale," Suketsuna alisema, akimweka majeruhi vizuri mgongoni.

Mkuki wa Wamongolia ulikuwa umemtoboa mzee ubavuni, na kidonda kilianza kunuka. Tangu ufukweni Suketsuna alikuwa amembeba kama gunia la mpunga. Mchukuzi mmoja alijitolea kumpokea. Suketsuna alimfukuza kwa ukali.

Hakuwa na la kufanya. Kabla tufani haijazizamisha merikebu za adui, alirukia mojawapo kutoka mashua yao, akamkata nahodha wake kichwa. Kichwa kilikwenda na maji, na wenzake Suketsuna wote mashuani walikufa isipokuwa mzee huyu. Bila shahidi hakuna zawadi ya ardhi. Na shamba la ukoo wake lilikuwa limegawanywa na kugawanywa, mpaka sasa halikutosha hata kuku kupekua. Mavuno mengine kama ya mwaka jana, na nyumbani wangekufa njaa.

Kwenye lango la mkaguzi wa vita, mjini Hakata, foleni ya waliodai zawadi ilikuwa ndefu.

"Hata watawa wamepanga foleni," alinung'unika askari aliyekuwa mbele yao. "Eti upepo waliuomba wao."

"Basi wauombe na utuletee chakula," mzee alisema kwa sauti ya kukwaruza. Watu walicheka, naye akakohoa damu.

Suketsuna alimpa donge lake la mwisho la wali. Mzee alilisukuma. "Kula wewe. Una safari ya kurudi."

Zamu yao ilipofika, mkaguzi hakuinua hata macho. "Jina?"

"Moritane, wa Satsuma," mzee alijibu polepole.

"Huyu ni nani wako? Sheria mnaijua. Ndugu hamshuhudii ndugu, mkwe hamshuhudii mkwe. Tukiruhusu, kila nyumba itakuwa na shujaa."

"Si wangu, bwana. Tulikutana mashuani."

"Apa."

Mzee aliapa kwa mungu wa vita. Kisha akaeleza kijana alivyoruka, alivyokata, nahodha alivyoanguka. Hakuongeza chumvi. Mkaguzi aliipiga hati muhuri, na ardhi ikawa imepatikana.

Mzee alikata roho palepale kwenye mkeka. Askari wawili walimshika miguu wamburute hadi kwenye shimo la wasio na wenyewe.

"Unawajua watu wake?" mkaguzi aliuliza. "Tuwapelekee habari."

Suketsuna alikuwa amechoka, amechoka hata kulia.

"Simjui, bwana."

Alitembea mpaka kwao Higo, hati ikiwa kifuani. Mama yake alimwona akiwa bado mbali, akatupa jembe, akamjia mbio katikati ya majaruba ya mpunga, akichungulia njia iliyokuwa tupu nyuma yake.

"Mwanangu, mbona peke yako? Baba yako umemwacha wapi?"