Masanduku ya Mvua na Mito

Sanduku la kwanza lilikuwa limejaa vitabu vya simu.

Mkutubi mkuu alikitoa kimoja kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi, akakitupa sakafuni.

"Unawaona wasomi wetu wa chuo kikuu?" alimwambia mdogo wake. "Tai shingoni, kichwani upepo mtupu."

Mdogo wake, mhandisi wa madaraja, hakucheka. Alichuchumaa akapekua mpaka chini ya sanduku. Alikuwa anatafuta juzuu moja tu la taarifa za mvua, la mwaka wa mafuriko makubwa, lenye kipimo cha jinsi mto ulivyopanda. Bosi wake alikuwa ameshikilia kwamba maji yalipanda mita nne. Wakazi wa kando ya mto walisema yalifika kwenye paa la shule. Bila maandishi, maneno ya wakazi yalikuwa soga tu, na Jumatatu zege la nguzo za daraja lingemwagwa kwa kipimo cha bosi.

"Dada, watoto watapita pale kila asubuhi," alisema.

"Tutalipata. Hapa ndipo penyewe."

Ndipo penyewe kweli, kwa maandishi. Maktaba nne za utafiti, ya mkutubi ikiwa mojawapo, zilikuwa zimekubaliana kuhifadhi vitabu vyao vya zamani kwenye ghala hili moja. Kila mfululizo wa majuzuu ulipewa maktaba moja iwe mdhamini wake, nayo ikaapa kutoutupa kamwe. Zile nyingine tatu zilikuwa huru kubaki na nakala zao au kuzitupa. Masanduku yalifika yamepigwa lakiri, yakahesabiwa, yakapandishwa rafuni. Hakuna aliyeyafungua, maana kufungua sanduku la mwenzako ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Na kwa kuwa kila masanduku mia yalimpa mkuu wa maktaba kura moja kwenye kamati ya ghala, masanduku yalikuja kwa wingi wa ajabu.

Mtunza ghala alisogea na orodha yake. Alikuwa mzee wa sauti ya chini, mwenye kalamu sikioni.

"Mama, kama ni taarifa za mvua, orodha inasema mdhamini wake ni—"

"Najua orodha inasema nini, mzee. Mimi ndiye niliyeiandika." Mkutubi aliichukua kutoka mkononi mwa mzee, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. "Wewe lete yote yenye lebo ya Mvua na Mito. Sasa lile la chuo cha udaktari."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akaenda zake kati ya rafu. Sanduku lilipofika, mkutubi alikata lakiri mwenyewe. Ndani mlikuwa na kalenda za ukutani za miaka iliyopita, mafungu kwa mafungu, na juu yake jalada moja zuri la ngozi lisilo na ukurasa hata mmoja.

"Mkuu wao huyo!" alisema. "Alituhutubia saa mbili nzima juu ya urithi wa vizazi vijavyo, machozi yanamtiririka. Nikasimama nikampigia makofi. Kumbe rafu zake kazigeuza mkahawa. Nimewahi kunywa chai pale. Maji matupu."

"Na kwenu, dada? Nyinyi hamkuwa na nakala?"

"Zilikuwepo." Alijifuta vumbi mikononi. "Ila sisi tulihitaji nafasi ya ukumbi wa kompyuta. Hicho angalau ni kitu cha maana, watu wanakitumia. Mzee! La idara ya maji!"

Sanduku la tatu lilikuwa zito, na mhandisi alilipokea kwa mikono miwili na uso wa matumaini. Mkutubi alikata lakiri kwa pupa hata kisu kikamponyoka. Akafunua kifuniko, akafunua gazeti lililotandikwa, akakuta tofali. Chini ya tofali, tofali.

"Idara ya maji!" alifoka. "Watu wa maji wenyewe, wanaokula na kulala kwa ajili ya maji! Hawa nao ni watu? Mbuzi akila karatasi angalau anashiba!"

Aliwadharau kwa moyo wake wote. Aliyatoa matofali moja moja, akayapanga sakafuni, akapapasa pembe nne za sanduku tupu. Halafu akarudia kupapasa. Jasho lilikuwa linamtoka, ingawa ghala lile lilipozwa usiku na mchana kwa ajili ya vitabu.

Mhandisi aliketi juu ya sanduku la vitabu vya simu, akashika kichwa. Alijiona mbele ya bosi wake Jumatatu, mikono mitupu, lori la zege likiunguruma nyuma yao.

Mtunza ghala alikuwa amekwisha kwenda na kurudi, safari hii bila kutumwa. Alilitua sanduku la nne taratibu miguuni pa mhandisi, akarudi nyuma hatua mbili.

Mhandisi alisoma lebo. Akasoma na muhuri mwekundu uliokuwa chini yake. Uso wake ulichanua.

"Dada! Hili ni la kwenu! Wadhamini ni nyinyi!" Alicheka kwa nguvu, akamkumbatia begani. "Wewe nawe kwa vituko! Ulitaka niwaone kwanza hao wapuuzi wote, ndipo unitolee la kwako!"

Alikiokota kisu kutoka sakafuni, akapitisha kidole juu ya lakiri kutafuta pa kuanzia.

Mkutubi mkuu aliweka kiganja chake juu ya kifuniko.

"Usikate, mdogo wangu," alisema. "Hilo nililijaza mchanga mwenyewe."