Nungunungu na Dawa ya Usingizi

Nungunungu alikuwa na kiwanda cha dawa ya usingizi kando ya mto, na wateja hawakumkaukia. Masalia ya dawa aliyamwaga mtoni, maana kuchimba shimo la taka alikuona ni kujichosha bure.

Siku moja akaja Korongo, mkaguzi wa mto. Alionja maji chini kidogo ya kiwanda, akalala palepale kabla hajabisha hodi. Alipoamka alirudi kwake akipiga miayo. Nungunungu akacheka peke yake, akijua kwamba hakuna mkaguzi atakayemfikia.

Lakini wateja nao wakaacha kuja. Nungunungu akaingiwa na wasiwasi, akamfuata Kiboko, mteja wake mkubwa.

"Bwana Kiboko, mbona umenitupa?"

"Sijakutupa, ndugu yangu," Kiboko akajibu kwa uvivu. "Siku hizi nikinywa maji ya mto tu, nalala fofofo. Wenzangu wa huku chini hivyo hivyo. Dawa ya nini tena?"

Nungunungu akageuka palepale. Alikimbilia kwa Korongo.

"Mzee, tafadhali njoo kiwandani ukanionyeshe pa kuchimba shimo. Ila usinywe maji njiani."

"Hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kuniita," Korongo akasema, akamfuata.

Shimo likachimbwa, na mto ukatakata. Haukupita muda, Kiboko akaonekana mlangoni kwa Nungunungu, macho mekundu kwa kukesha, akiuliza kama dawa bado ipo.