Bando la Bi Sharifa

Siku ya mwisho ya kusasisha simu, Wi-Fi ilikatika mtaa mzima. Simu isiyosasishwa haifungui mlango wala haipokelewi hospitali, kwa hiyo Mwanakheri alimwacha mwanawe amelala, akaenda kumwomba jirani bando kama alivyozoea kumwomba chumvi.

"Chukua tu, mwanangu," alisema Bi Sharifa, akamwashia hotspoti.

Simu ikasasishwa. Mwanakheri akashukuru, akarudi mbio. Mlango wake ukagoma kufunguka, ukasema:

"Karibu, mgeni. Umesasishiwa kwa Bi Sharifa, basi wewe ni wa nyumba yake mpaka mwakani. Msubiri mwenye nyumba."

"Mume wangu yuko safarini! Mtoto yuko ndani!"

Mtoto akaanza kulia. Mlango ukambembeleza kwa sauti ya Mwanakheri mwenyewe, naye akanyamaza.