Kitanda cha Makame

Makame alipogombana na mkewe mara ya saba, alijitwika kitanda cha kamba akaenda kwa dada yake, Mwanasiti. Kitanda kilishaizoea ile njia, hata kona kilikuwa kinakata chenyewe.

"Dada, safari hii sirudi!"

"Karibu ule. Kitanda kibaki nje."

"Sasa mimi nitalala wapi?"

"Kwako. Mwanamume wa miaka hamsini, unamwacha mkeo alale sakafuni?"

Makame alinuna mpaka sahani ya tatu ya wali. Mwanasiti alimwongezea mchuzi, hakumwongezea neno. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akainua kitanda upande mmoja.

"Haya, shika huko nyuma."

Wakashika njia, na juu ya kitanda kuku wa jirani ameatamia, hataki kushuka.